Jibu: Kumwandikia mbunge kuhusu dayalisisi ya nyumbani

Dada, umeuliza kama kumwandikia mbunge wa Congress, bunge la Marekani, kunasaidia ili dayalisisi, yaani kusafisha damu figo zinaposhindwa, ifanyike nyumbani kwa urahisi, maana mama anachoka kwenda kituoni mara tatu kwa wiki. Kunasaidia, ila usianzie Washington. Piga simu ofisi yake ya hapo jimboni, uombe kuonana na msaidizi anayeshughulikia afya. Agosti ni wakati mzuri, wabunge wengi huwa majimboni.

Omba jambo moja tu: msaidizi wa nyumbani alipiwe. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee na wagonjwa wa figo, inalipia mashine, vifaa na mafunzo, lakini mtu wa kuja nyumbani kumsaidia mgonjwa kwa kawaida hailipii. Hapo ndipo wazee wetu wanapokwama. Watoto wote wako kazini, nani atambadilishia bibi mifuko ya maji ya dayalisisi yanayoingizwa tumboni, lita mbili kila mmoja, mara nne kwa siku? Beba mfuko mmoja, umwekee msaidizi wa mbunge mezani aunyanyue.

Wakumbushe pia kwamba mwaka 2019 serikali ilitaka ifikapo 2025 asilimia 80 ya wagonjwa wapya watibiwe nyumbani au wapandikizwe figo. Lengo hilo halikufikiwa hata kwa karibu, na inauma.

Mama akiweza, aende mwenyewe. Azungumze Kiswahili, wewe umtafsirie.