Pauni 1,000 za Alf Common zilikwenda kwa nani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Juzi tukiwa kwenye kibanda cha kutazamia mpira hapa Jinja, jirani yangu alisema kwamba mchezaji wa kwanza kununuliwa kwa pauni 1,000, Mwingereza Alf Common, alitajirika siku hiyohiyo, na kwamba baadaye aliichezea Arsenal. Mimi nilibisha yote mawili. Tumewekeana dau la rolex ya mayai mawili, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, tafadhali tuamulie.
Shabiki wa Arsenal, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, Common alizaliwa Sunderland mwaka 1880, akawa mshambuliaji mwenye mwili uliojazana ambaye mabeki hawakupenda kugongana naye. Alianza kujulikana katika klabu ya mji wake, akahamia Sheffield United na kutwaa nayo Kombe la FA mwaka 1902, kisha akarudi Sunderland mwaka 1904. Miezi michache tu baadaye, Februari 1905, Middlesbrough, waliokuwa wakichungulia shimo la kushuka daraja, walimnunua kwa pauni 1,000, bei ambayo ilikuwa haijapata kusikika, na magazeti yakalalamika kwamba mpira umegeuzwa soko la kuuzia watu.

Fedha hizo zililipwa kwa Sunderland. Tangu mwaka 1901 kanuni ziliweka kikomo cha mshahara wa mchezaji kuwa pauni 4 kwa wiki, na klabu ilishikilia usajili wake hata mkataba ukiisha, hivyo mchezaji hakuweza kuondoka bila ridhaa ya klabu. Piga hesabu mwenyewe: ili apokee pauni 1,000 kwa mshahara huo, Common angehitaji wiki 250, yaani karibu miaka mitano, bila kukosa hata wiki moja. Ni kweli kwamba klabu nyingi zilipenyeza bahasha za siri, na Middlesbrough yenyewe iliadhibiwa baadaye kwa malipo yasiyo halali, lakini huo si utajiri anaouzungumzia jirani yako. Chama cha soka kilijaribu mwaka 1908 kuzuia ada ya uhamisho isizidi pauni 350. Amri hiyo haikumaliza hata mwaka. Kikomo cha mshahara, ambacho kilimuumiza mchezaji peke yake, kiliendelea hadi 1961.

Je, walionunua walipata walichokitaka? Mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini, tena kwa Sheffield United aliowahi kuwachezea. Middlesbrough walikuwa hawajashinda ugenini kwa karibu miaka miwili. Ikapatikana penalti, Common akaupiga mpira wavuni, mechi ikaisha 1-0, na msimu ulipomalizika klabu ilikuwa imesalia daraja la kwanza. Kwa maoni yangu, bao hilo moja lilirudisha sehemu kubwa ya gharama.

Mwaka 1910 aliuzwa kwa bei isiyofika hata nusu ya ile ya awali, na mnunuzi alikuwa Woolwich Arsenal, ndiyo hiyo Arsenal yenu kabla haijahamia Highbury mwaka 1913. Common hakuufikia uwanja huo, kwa kuwa alikuwa ameshakwenda Preston North End, akaisaidia kupanda daraja. Alistaafu mwaka 1914, akaendesha baa mjini Darlington, na alifariki mwaka 1946.

Kwa hiyo kwenye fedha umeshinda wewe, kwenye Arsenal ameshinda jirani. Agizeni rolex moja, mkaigawane.