Jibu: Je, jamii inaweza kwenda bila pesa?

Ndugu, umeuliza kama watu wanaweza kuishi bila pesa kabisa, kila mtu afanye kazi na achukue anachohitaji. Kwa familia au kikundi cha watu wanaojuana, mbona inawezekana kila siku. Kazi ipo kwa watu wasiojuana.

Wainka wa Amerika Kusini waliendesha himaya ya mamilioni ya watu bila sarafu. Kodi ilikuwa nguvu zako: unalima shamba la mtawala, unajenga barabara, unakwenda vitani. Mazao yaliingia maghalani, na makarani walitunza hesabu kwa mafundo ya kamba. Mfumo ulifanya kazi, ila kukataa zamu yako haikuwa chaguo. Pesa ikiondoka, lazima awepo mtu wa kuamua nani afanye nini na nani apate nini. Mimi hapo ndipo ninaposita.

Kule Kambodia, Asia, utawala wa Khmer Rouge ulifuta pesa kwa nguvu mwaka 1975, hata benki kuu ikalipuliwa. Utawala ule ulipoanguka 1979, watu sokoni walikuwa wakilipana kwa mchele na dhahabu, mpaka noti ziliporudi 1980.

Halafu kuna wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia. Hawakupangiwa na mtu, lakini sigara zikageuka sarafu kambini: shati kwa sigara kadhaa, mkate kwa sigara kadhaa. Na cha kuchekesha, sigara nzuri walivuta wenyewe, zile mbovu ndizo wakalipia!