Tuta linavuja, nifanyeje? Maswali yenu kuhusu mabwawa ya shambani

Chini ya tuta la bwawa langu pana unyevu mwaka mzima. Nihofu? (Mfugaji, Laikipia)

Kinga maji hayo kwenye chupa ya kioo, uyaangalie juani. Yakiwa maangavu na hayaongezeki, usikose usingizi. Tuta la udongo lisilovuja hata kidogo ni nadra. Yakiwa na tope, basi udongo wa ndani ya tuta unaondoka nayo, na tundu linazidi kuchimbika kuelekea bwawani. Usizibe kwa nje kwa udongo wa mfinyanzi, kama wengi wafanyavyo: maji yatatafuta pengine pa kutokea. Anza kupunguza maji ya bwawa, ita mhandisi, na wajulishe walio bondeni siku hiyohiyo. Mtiririko ukikua huku unautazama, achana na bwawa, toa watu.

Tumeinua utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada ya bwawa, kwa viroba vya mchanga ili tuvuke kiangazi. Kuna ubaya? (Kikundi cha wakulima, Singida)

Upo, tena mkubwa. Utoro ndio njia pekee ya maji ya ziada mvua kubwa inaponyesha. Pengo kati ya utoro na kilele cha tuta halikuachwa kwa uzembe. Ni la mafuriko na mawimbi. Mkilijaza, maji yatapita juu ya tuta, na udongo hauvumilii hilo: yanaula mteremko wa nje kipande kwa kipande, na ndani ya saa chache tuta laweza kukatika. Ondoeni viroba hivyo leo. Mnataka maji zaidi? Kiangazi bwawa likipungua, zoeni tope lililojaa katikati, mbali na kitako cha tuta.

Nimepanda mikaratusi juu ya tuta ishike udongo. Sawa?

Hapana. Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha vijia vya maji. Ing'oe ingali michanga, ujaze mashimo kwa udongo ulioshindiliwa, kisha panda ukoka. Mashimo ya nungunungu nayo ni vivyo hivyo, na ng'ombe wasigeuze tuta kuwa barabara yao.

Bwawa ni langu, dogo, shambani kwangu. Kibali cha nini? (Nakuru)

Swali hili kutoka Nakuru, kati ya kote! Bwawa la Patel kule Solai lilikuwa la shamba binafsi. Lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa mvua kubwa, likaua watu wasiopungua 47. Kwa Kenya, nenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tanzania, bodi ya maji ya bonde lako. Na usiniambie ni dogo kabla hujateremka kwa miguu ukahesabu nyumba zilizo chini yake, pamoja na zile zilizojengwa baada ya bwawa.