Kipande kimoja, mwezi mzima: kuwazoesha watoto wadogo muziki wa klasiki nyumbani

Huu ni mwaka wa nne nikiwasomesha wanangu watatu nyumbani, hapa Mombasa. Mzazi anayeanza hunipigia simu akaniuliza hesabu nazifundisha vipi, kusoma nafundisha vipi, na mwisho kabisa, kwa sauti ya kuona haya kidogo, anauliza: na huo muziki? Amesikia kwamba asubuhi kwetu huanza na okestra, naye hajui ashike wapi. Jibu langu kwenye simu huwa fupi mno, kwa hiyo leo nalieleza lote.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Niliandika ratiba: Jumatatu Bach, Jumanne Mozart, Jumatano Beethoven, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Wawili wakubwa, mmoja wa miaka sita na mwenzake wa minne, nikawakalisha kwenye viti na kuwawekea Simfoni ya Tano ya Beethoven yote, nusu saa na ushei. Zile noti nne za mwanzo ziliwashtua, wakafurahi. Baada ya dakika sita mmoja alikuwa chini ya meza na mwingine ananiuliza kama itaisha. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba muziki wa mama ni adhabu. Nilikuwa nafundisha habari za muziki, muziki wenyewe nimeuacha mlangoni.

Kilichonizindua ni bibi yao. Akisema "Paukwa", wanajibu "Pakawa", na hakuna anayelalamika kwamba hadithi ya sungura na fisi waliisikia jana. Wanaitaka ileile, na akibadilisha neno moja wanamsahihisha. Nikajiuliza kwa nini kwenye muziki nawalisha kitu kipya kila siku. Tangu hapo kwetu ni kipande kimoja kwa mwezi mzima, rekodi ileile, dakika tano hadi saba kila asubuhi wakati wa kifungua kinywa. Mtoto mwenye hamri mdomoni hasemi sana, na masikio yake yako huru.

Ukitaka kuona kurudiarudia kunafanya nini, chukua sehemu ya pili ya Simfoni ya 94 ya Haydn, ile iliyopigwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1792. Wimbo unaanza polepole, mwepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuuimba. Unarudiwa kwa sauti ya chini zaidi. Halafu okestra nzima inapiga kishindo kimoja, na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya kwanza watoto waliruka. Siku ya pili walicheka. Siku ya nne niliwaona wameshika midomo kwa mikono miwili, macho yamewatoka, wanakingojea kile kishindo, na katika kukingoja huko wakaanza kusikia jinsi fidla zinavyonyamaza kabla yake. Ukimya ule hawakuusikia siku ya kwanza, na ningewaeleza mwaka mzima wasingeuelewa.

Kwa kuanzia, mzazi mwenzangu, mimi nakushauri Petro na Mbwamwitu, kazi ya Sergei Prokofiev aliyoitunga mwaka 1936 kwa ajili ya watoto wa Moscow. Yote ni kama dakika 25, kwa hiyo ikate vipande. Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, babu ni fagoti yenye sauti nene ya kunung'unika, Petro ni fidla na jamaa zake wote wa nyuzi. Bata ni oboi, na hapo mtoto wa pwani ana bahati, kwa sababu oboi na nzumari ni ukoo mmoja: zote mbili hupigwa kwa kupuliza tete jembamba la tabaka mbili linalotetemeka mdomoni. Wanangu walikuwa wameshasikia nzumari ngomani, kwa hiyo bata hakuwa mgeni kwao. Mbwamwitu ni pembe tatu zinazolia pamoja. Nilikuwa nimeandaa picha ya siwa za Lamu na Pate, zile pembe kubwa za sherehe, ili niwaeleze ukoo wa pembe, lakini kifungua mimba alinitangulia. "Hiyo ni feri ya Likoni," akasema. Sauti nene, inatoka mbali, inakukaribia: alikuwa ameisikia sawasawa.

Nilitafuta rekodi isiyo na msimulizi, nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili siku za mwanzo, kisha nikanyamaza. Katika kisa hicho mbwamwitu anammeza bata mzimamzima. Mwishoni wote wanaandamana kwa shangwe wakimpeleka mbwamwitu aliyekamatwa kwenye bustani ya wanyama, na ndani ya shangwe ile, karibu kabisa na kumalizika, oboi inasikika tena kwa muda mfupi. Jambo hilo sikuwaambia. Wiki ya tatu, wa katikati alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, sikio karibu ligusane na spika, akidonoa uzi wa mkeka kwa kidole. Kidole kikasimama. Akainua kichwa. "Mama, bata hajafa. Yumo tumboni. Anaimba."

Sikuongeza neno. Nilirudisha nyuma kidogo, tukasikiliza tena sote watatu, na mara hii hata mimi nilisikia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia.

Ndiyo sababu nasisitiza: usiwaonyeshe katuni kwanza. Picha zikitangulia, macho yanafanya kazi yote na masikio yanakaa bure. Katuni ije mwishoni mwa mwezi, kama zawadi, na utashangaa watakavyoikosoa.

Sasa habari za vyombo vya kusikilizia, kwa sababu hapa niliwapotezea wanangu wiki mbili. Mwezi uliofuata tuliingia Kanivali ya Wanyama ya Camille Saint-Saëns, ya mwaka 1886: vipande 14 vifupi, vingi havifiki dakika tatu. Nilikuwa nawawekea kwenye simu. Kilipofika kipande cha tembo, wakawa wananiambia hawasikii tembo, wanasikia kinanda tu kinachopiga mm-pa-pa, mm-pa-pa. Nikadhani hawasikilizi, nikawaambia watulie. Kumbe wao ndio waliokuwa wakisema kweli. Tembo hupigwa na besi kubwa, ile ala ya nyuzi inayozidi urefu wa mtu, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi kile. Niliazima spika ya bluetooth ya shemeji yangu na tembo akaingia sebuleni. Niliwaomba radhi. Huhitaji spika ya bei mbaya, lakini kabla hujaanza, weka kipande hicho kwenye chombo ulicho nacho. Usipomsikia tembo, nusu ya okestra hawatakuwa wakiisikia.

Jambo la pili la vyombo ni kupakua mapema. Ukicheza moja kwa moja kutoka intaneti bila kulipia, tangazo la sabuni litaingia katikati ya kipande na kuua kila kitu. Mimi hupakua usiku na kuchaji spika, kwa kuwa stima zetu zinajulikana.

Kutoka kwenye Kanivali hiyo usiwanyime kobe. Saint-Saëns alichukua ngoma ya haraka ya Offenbach, ile ya kurusha miguu juu, akaipunguza mwendo hadi ikatambaa. Wape kobe wiki nzima, kisha siku moja uwawekee Offenbach kwa mwendo wake wa asili bila kuwaambia chochote. Kwangu waliruka kutoka mezani: "Ni kobe! Kobe anakimbia!" Na wasikilize bata maji mkubwa anayepigwa na chelo. Hicho peke yake ndicho kipande ambacho mtunzi alikubali kichapishwe akiwa hai. Vingine vyote vilitoka mwaka 1922, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kwa sababu aliogopa watu wangemwona mtunzi wa mzaha.

Maswali yako kwa mtoto yawe machache. Mimi huuliza moja tu: "Umesikia nini?" Siulizi kama ni tamu, wala sisemi mimi kwamba ni tamu, maana mtoto mwema atakubaliana nawe ili akupendeze, na hapo umeshampoteza. Jibu lolote nalipokea. Wakati mwingine badala ya swali tunachora wimbo hewani kwa kidole, unapopanda tunapanda nao, unaposhuka tunashuka. Mtoto wa miaka minne anaweza hilo. Asilazimishwe kukaa pia. Akitaka kuandamana kuzunguka meza, na aandamane.

Hofu ninayokutana nayo zaidi ni ya mzazi anayesema hajui kusoma noti. Mimi pia sizijui vizuri. Nilikulia kwenye kwaya, sauti ya alto, kwa do re mi iliyoandikwa ubaoni. Kama umewahi kuimba Aleluya ya Handel Krismasi au Pasaka, basi umeimba kazi ya mwaka 1741, na watoto wako huenda wameisikia tangu wakiwa mgongoni. Anzia hapo ukipenda.

Kuna na wanaoniuliza kama kweli Mozart humfanya mtoto awe na akili. Hapana, na naomba usiingie kwa mlango huo. Utafiti uliozua maneno hayo ulitoka mwaka 1993, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wachanga. Walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kufikiria maumbo, na hali hiyo ilidumu kama robo saa tu. Ukiuweka muziki kama dawa ya hesabu, siku alama za hesabu zisipopanda utauzima.

Misimu Minne ya Vivaldi, iliyochapishwa 1725, wengi huianza na Majira ya Kuchipua kwa kuwa ndicho kipande maarufu. Mtoto wetu hajui majira hayo. Anajua kaskazi na kusi, anajua masika. Kwa hiyo mimi nilianza na mwisho wa Majira ya Joto, kwenye ile dhoruba, na nikaiweka mwezi wa Mei mvua ikipiga mabati. Hapakuwa na la kueleza. Baridi ya kugonganisha meno ndiyo iliyowatatiza, hata nikawashikisha barafu ya friza mpaka wakaomba kuachia.

Lakini kama ningeambiwa nichague kimoja tu kwa mtoto aliyezaliwa kando ya Bahari ya Hindi, ningechagua Sheherazade ya Nikolai Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888. Kisa chake ni Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo mababu zetu walizisimulia barazani. Sauti ya fidla moja, ikisindikizwa na kinubi, ndiye Sheherazade mwenyewe akianza kusimulia, na sehemu ya kwanza ni bahari na jahazi la Sindbad. Mtunzi alikuwa afisa wa jeshi la majini la Urusi, alisafiri baharini miaka kadhaa akiwa kijana, na inasikika. Sisi tulibeba spika hadi Mama Ngina, pale kando ya bahari, alasiri moja, tukakaa ukutani tukitazama maji. Zile nyuzi za chini zilikuwa zikipanda na kushuka, nao wakaanza kuyumba bila kuambiwa. Kifungua mimba akaniambia mawimbi ya kwenye muziki ni makubwa kuliko yale ya mbele yetu, kwa hiyo Sindbad lazima yuko mbali na nchi kavu.

Jirani yangu mmoja aliniuliza, kwa nia njema, kwa nini nawalisha watoto ya Wazungu. Swali hilo nililichukua kwa uzito. Sijawaambia wanangu kwamba muziki huu uko juu ya mwingine, na taarabu iko kwenye ratiba yetu miezi mitatu kwa mwaka kwa utaratibu uleule. Nimewasimulia pia kwamba Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyetamba Paris kwa fidla na kwa upanga, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama yake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Na fidla yenyewe imeshakuwa mwenyeji kwenye taarabu yetu zamani. Mzee mmoja mpigaji alitukaribisha kwake, akawaonyesha singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye uta na kile kipande cha ulimbo mgumu kinachozipa kushika uzi. Wa katikati aliomba kunusa ulimbo. Aliporudi nyumbani alitaka Sheherazade, akasema sasa anajua inanukaje.

Kama una njia ya kuwafikisha watoto kwenye ala zinazopigwa mbele yao, usiache. Nairobi kuna okestra yake, na katika mtaa wa Korogocho hukohuko vijana wa Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha vijana muziki huu, wanapiga tangu mwaka 2008. Usipofika huko, bendi ya polisi siku ya Madaraka inatosha: mwache mtoto asimame karibu na tarumbeta mpaka aisikie kifuani.

Kitinda mimba wangu ana miaka sita na hapendi kinanda. Tumejaribu Bach, tumejaribu Schumann, na kila mara anachukua hamri yake anaenda kuila barazani. Namwacha. Mlango uko wazi na spika inasikika mpaka nje, na mwezi ujao ni zamu ya tarumbeta, ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyeziomba.