Jibu: Je, wananchi wanaweza kumng'oa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo Marekani?

Mkuu, umeuliza kama jaji wa ngazi hiyo anaweza kupigwa chini kwa kura kama mbunge. California inawezekana kabisa. Gavana anateua, kisha jina linapelekwa kwa wapiga kura: ndiyo au hapana, hakuna mpinzani. Muhula kamili ni miaka 12.

Msome Rose Bird, Jaji Mkuu wa zamani wa California. Alianza kwa kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo huko Santa Clara, akaingia baraza la Gavana Jerry Brown, na mwaka 1977 akateuliwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza, bila kuwahi kuwa hakimu hata siku moja! Hilo peke yake liliwaudhi wengi. Kesi 61 za adhabu ya kifo zilimfikia, na zote alipiga kura kuitengua adhabu. Novemba 1986 wananchi wakamwondoa, pamoja na majaji wenzake Cruz Reynoso na Joseph Grodin.

Mimi naona majaji hao walichokosa ni siasa, si sheria. Baadaye Bird alijitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria mjini East Palo Alto, California, akitoa fotokopi.