Uliza Fundi: Eunos ya 1991, plagi namba 8 na pedali iliyozama Soni

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka jana niliagiza Eunos Roadster ya 1991, ile Mazda ndogo ya wazi ya viti viwili, kutoka Japani, injini ya 1.6, gia za mkono. Nimelipa ushuru wa uchakavu hadi nikachakaa mimi. Gari nalipenda, ila lina mambo matatu. Asubuhi na siku za mvua linamisi, likishapata joto linatulia. Muuza spea akanishauri niweke plagi za iridiumu namba 8, akasema ndizo za mashindano. Nikanunua nne kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu mke wangu ni msomaji wako. Hali haikubadilika, naona hata imezidi. Pili, nikiwasha injini inalia tik-tik-tik upande wa juu, na fundi wangu anataka nimwage oili iliyomo niweke 20W-50 au namba 40. Tatu, Pasaka tulipanda Lushoto. Wakati wa kushuka, kabla ya kufika Soni, pedali ya breki ikazama hadi chini. Nikasimama kwa gia na breki ya mkono. Tulikaa kama nusu saa, pedali ikarudi yenyewe. Niweke plagi gani, oili gani, na breki nizifanyeje? – Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Linalokukera kila siku umelitanguliza, lililotaka kukuua umeliweka mwisho. Mimi naanza na hilo la mwisho, na mpaka ulimalize usilipandishe tena gari hilo Lushoto.

Pedali iliyozama ikarudi yenyewe baada ya kupoa inasema jambo moja: mafuta ya breki yalichemka. Mafuta hayagandamiziki, ndiyo maana unabonyeza huku na pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye gurudumu, zinasogea kule. Mvuke unagandamizika. Yakichemka ndani ya kalipa mguu wako unabonyeza mvuke, na pedi hazipati nguvu. Yakipoa mvuke unarudi kuwa maji na mafuta, pedali inakuwa ngumu tena, dereva anafikiri gari limejiponya. Kama tatizo lingekuwa mpira ulioisha wa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ungeliona hata barazani kwako: washa injini, kanyaga pedali kwa uzito ule ule dakika nzima. Ikizama polepole chini ya mguu, masta silinda inahusika. Jaribu hilo pia, lakini nitashangaa likiwa ndilo.

Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yanavuta unyevu wa hewani. Yanaupata kwenye kifuniko, yanaupata hata kupitia mipira. DOT 3 mapya kabisa yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa gari lako lilikaa Japani, likapanda meli, likashuka pwani hii ambako hata chumvi ya mezani inalowana. Nani aliyabadilisha mara ya mwisho? Fungua kikopo cha mafuta ya breki uangalie. Kama ni meusi kama chai ya rangi, basi una jibu.

Nunua DOT 4, chapa yoyote unayoiamini, kopo lililofungwa kiwandani. Kitabu cha gari hilo kinaridhika na DOT 3, na DOT 4 inachanganyika nayo bila shida, kwa hiyo unapata nyuzi za ziada bila kubadilisha mpira hata mmoja. DOT 5.1 nayo ingefaa, ila usije ukapewa DOT 5 tupu kwa sababu namba zinafanana. Hiyo ni silikoni, kwa kawaida ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na hizo nyingine, na maji yakiingia yanatuama chini kwenye kalipa yakila chuma. Mafuta ya mbio za magari yaache. Yanavumilia moto mkali, lakini yanataka kubadilishwa mara kwa mara kuliko utakavyokumbuka.

Kopo la lita 1 linatosha. Usikubali fundi akunyonyee kikopo cha juu tu halafu akajazia mapya. Mafuta mabovu yako chini kwenye magurudumu, ndiko moto uliko. Yatolewe yote, gurudumu kwa gurudumu, mtu mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati ya kutolea upepo, mpaka yatoke meupe. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kikopo kisiachwe kikauke katikati ya kazi, maana mtaingiza upepo muanze upya. Weka na ndoo ya maji karibu, kwa sababu tone likiangukia rangi ya gari linaibabua. Mkiwa hapo hapo badilisheni na ya klachi, ina kikopo chake na inatumia mafuta yale yale. Silinda ya chini ya klachi kwenye Eunos ina sifa mbaya ya kuvuja, basi ichungulieni. Baada ya hapo rudia kazi hii kila miaka 2, gari litembee lisitembee. Kopo lililobaki nusu usilitunze kwa ajili ya mwakani, nalo linanyonya unyevu hapo kwenye rafu.

Na mteremko wa Lushoto, mwanangu, unashukwa kwa gia. Gia uliyopandia ndiyo uteremkie. DOT 4 haifuti kanuni hiyo.

Sasa plagi. Zitoe hizo namba 8 leo. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka. Plagi inatakiwa ncha yake ifikie nyuzi 450 hivi ili iunguze masizi yake yenyewe, na isipite 800 na kitu isije ikawasha petroli kabla ya wakati. Namba 8 imekusudiwa injini inayokimbizwa kwa mizunguko ya juu saa nzima. Wewe unatoka Raskazone kwenda sokoni na kurudi. Haipati moto, inajaa masizi meusi, gari linamisi zaidi. Ndiyo maana umeona hali imezidi. Angalia namba, lakini angalia na chapa, kwa sababu Bosch na Champion wanahesabu kinyume: kwao namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Mtu anayekupa "namba kama ile" ya chapa nyingine bila jedwali anabahatisha.

Injini yako inataka NGK BKR6E-11, ile ya kawaida ya nikeli. Ukikuta BKR5E-11 pia inakubalika, ni moto kidogo zaidi, na kwa mwendo wa mjini sina ugomvi nayo. Kwenye maandishi hayo K ni spana ya 16, R ni ukinzani unaozuia kelele kwenye redio na kwenye kompyuta ya gari, E ni urefu wa uzi wa milimita 19, na 11 ni gepu, yaani nafasi ya cheche, ya milimita 1.1. Kwa Denso, 20 ni sawa na 6 ya NGK, 16 ni sawa na 5.

Utaniuliza kwa nini nakurudisha kwenye nikeli wakati una hela ya iridiumu. Koili za Eunos zinapiga cheche mbili kwa mpigo: silinda ya 1 na ya 4 pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja, moja ikiwa kwenye kazi na nyingine ikipiga bure kwenye moshi unaotoka. Katika kila jozi plagi moja cheche yake inaruka kutoka katikati kwenda pembeni, ya mwenzake inaruka kinyume. Plagi yenye madini ya thamani katikati tu inalindwa upande mmoja, na nusu ya plagi zako zinaliwa upande usiolindwa. Ukitaka za kudumu tafuta zenye platinamu pande zote mbili. La sivyo nikeli, na uzibadilishe mapema. Kuzifikia ni kazi nyepesi, ziko wazi juu ya injini.

Lakini plagi hazikuwa ugonjwa wako wa kwanza. Gari linalomisi kwenye unyevu na kutulia likikauka linalalamikia waya za plagi. Kwa Eunos hizo waya ni kitu cha kuisha, kama zilivyo plagi zenyewe. Usiku, pasipo taa, fungua boneti injini ikiunguruma na uzinyunyizie maji kidogo sana kwa chupa ya kupulizia. Ukiona cheche za buluu zinacheza juu ya waya, usiguse kitu, zima gari, kesho kanunue seti nzima. Ukizichomoa tazama na mashimo ya plagi. Yakiwa na oili, gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imekufa, na oili hiyo inalainisha mpira wa waya mpaka unaoza. Badilisha gasketi kwanza, halafu waya, halafu plagi. Wengi wanafuata mpangilio wa kinyume, na muuza spea hawalaumu.

Plagi mpya ifunge kwa vidole mpaka igote, injini ikiwa imepoa, halafu uongeze nusu mzunguko kwa spana. Silinda hedi ni ya alumini. Anayekaza kwa mabega atakutafutia fundi wa kuchonga nyuzi. Na uziangalie kabla ya kulipa: maandishi yaliyopakazika, washa inayochomoka kwa urahisi, ncha isiyokaa katikati, hizo ni feki hata kama boksi linang'aa.

Oili nitaifupisha. Ile tik-tik ni tapeti za haidroliki, vile vikombe vidogo vinavyosukuma valvu. Zinajiweka sawa kwa oili inayopita kwenye vitundu vidogo sana, na gari likilala zinapungukiwa. Oili nzito inachelewa kufika kwenye vitundu hivyo, kwa hiyo 20W-50 inaweza kurefusha kelele ya asubuhi badala ya kuifupisha. Namba 40 tupu ndiyo sitaki hata kuisikia kwenye injini hii. Weka 10W-40 nzuri yenye alama ya ubora ya API SN au SP. Ile namba ya mbele ya W inapimwa kwenye baridi ambayo Tanga haijawahi kuiona, 10W hupimwa nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa hiyo usihangaike kutafuta 0W ya bei kubwa. Namba ya nyuma ndiyo inayokuhusu, hiyo ndiyo oili ikiwa moto.

Kabla ya kununua chochote chomoa stiki upime, kelele hiyo mara nyingi ni ya oili iliyopungua. Galoni ya lita 4 inatosha na inabaki. Usiimimine yote kwa kuwa umeilipia. Badilisha baada ya kilomita 2,000, tena baada ya 2,000 nyingine, halafu ukae kwenye 5,000. Mara nyingi tapeti zinanyamaza zenyewe kwa mwendo huo. Dawa za kusafishia injini zinazotiwa kabla ya kumwaga oili, kwenye injini ya 1991 usiziguse, zinang'oa uchafu mzito na kuupeleka kwenye vitundu vile vile.

Simama juu ya fundi akibadilisha filta. Kwenye Eunos imejificha chini ya manifoldi ya hewa, mkono unaingia kwa shida na unatoka na mikwaruzo, ndiyo maana wengine hupangusa ile ya zamani kwa kitambaa na kukuambia tayari.

SWALI: Fundi, mimi nina Subaru Impreza WRX ya 1998. Kijiwe kizima kinaniambia turbo inataka oili nzito. Kweli? – Msomaji, Ilala, Dar es Salaam

JIBU: Turbo inataka oili safi na ya kutosha. Weka 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki kamili, badilisha kila kilomita 5,000. Injini za EJ20 kama hiyo yako, za umri huo, hunywa oili, na watu huzipeleka kona kali stiki ikiwa kwenye alama ya chini. Hapo ndipo beringi za krenki zinapoungua, kisha kijiwe kinasema Subaru ni mbovu. Pima kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare. Ukitoka kulikimbiza, tembea taratibu dakika mbili tatu za mwisho kabla ya kuzima.

SWALI: Assalamu alaikum. Nina Toyota Celica ya zamani. Kijana wa gereji ameona kikopo cha breki kimepungua akakijaza oili ya usukani. Nimeliendesha siku mbili, sasa breki zinakawia kuachia. Niimwage tu? – Msomaji, Mwembetanga, Zanzibar

JIBU: Waalaikumu salamu, dada yangu. Hapana, na usiliendeshe tena, lipelekwe kwa kuvutwa. Mipira ya breki imetengenezwa kwa mafuta ya breki. Ikiguswa na oili ya aina yoyote, iwe ya usukani, ya gia au ya injini, inavimba. Huko kukawia kuachia ndiko kuvimba kwenyewe. Kumwaga hakutoshi, kwa kuwa mpira uliokwisha vimba haurudi. Masta silinda, mipira ya kalipa na ya silinda za magurudumu, hozi za mpira, hata kifuniko cha kikopo, vyote vibadilishwe, na mabomba ya chuma yasafishwe kwa spiriti na kukaushwa kwa upepo kabla ya DOT 3 au DOT 4 mpya kuingia.

Kijana akibisha, vuta matone machache kutoka kwenye kikopo uyatie kwenye glasi ya maji, ukoroge. Mafuta ya breki yanayeyuka, huyaoni tena. Yakielea juu, mwambie bili ya mipira ni yake.