Kisigino kinachochoma asubuhi

Pole dada, umesema kisigino kinakuchoma na unasimama kutwa nzima kwenye soko la Kibuye, Kisumu. Kisigino kuchoma ukikanyaga sakafu asubuhi, kisha kutulia ukishatembea kidogo, mara nyingi ni ule utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo. Kusimama hivyo kutwa nzima na slipa bapa kunauchokoza utando huo. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi 30, rudia mara tatu. Jioni, gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, uifunge kitambaa, uiviringishe chini ya wayo dakika 10. Hapo hapo sokoni tafuta viatu vya raba. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikibaki imelala bila kurudi juu, usivichukue. Kupona huchukua miezi, wala usikimbilie sindano. Mguu ukifa ganzi, ukivimba au ukiuma hata umelala, nenda hospitali.